Shajara ya kombi: mbao, siti na dari za kutengeneza nyumbani

Januari 11, Jumamosi

Leo nimekaa ndani ya kombi saa nzima bila kufungua hata skrubu moja, nikiwa na daftari na penseli tu. Injini niliimaliza mwaka jana, breki ziko sawa, bati limechomelewa na kupigwa rangi. Kilichobaki ni ndani. Mtu akiendesha, nje anakuona jirani, ila ndani unaishi mwenyewe, kwa hiyo sitaki kupafanya haraka haraka.

Gari ni Volkswagen ya kizazi cha pili, ile yenye kioo kimoja kikubwa cha mbele. Namba ya chasisi inaanza na 233. Tarakimu 23 zinasema ni kombi yenyewe, yaani ile iliyotoka kiwandani na madirisha na siti za kutoa. Tarakimu ya tatu, 3, inasema ni modeli ya 1973. Naliandika hili mapema kwa sababu kizazi hiki kilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979 na vitu vidogo vilibadilishwa mara nyingi katikati. Ubao unaoingia sawasawa kwenye gari la 1969 unaweza kukataa kwenye langu.

Vipande vya kununua vipo, gari lenyewe ni maarufu. Tatizo ni kwamba mmiliki mmoja wa zamani alitoboa milango upya, akaweka spika, akahamisha klipu, na upande wa kulia mlango umewahi kugongwa na kunyooshwa. Ubao wa dukani ungekaa kama nguo ya kuazima. Nimeamua kutengeneza mwenyewe: mbao mbili za milango ya mbele, mbao za pembeni nyuma, mto na mgongo wa siti mbili za mbele, matandiko ya sakafu, dari ya juu ya dereva, na vile vipande vidogo vya plastiki vinavyozunguka vitasa.

Sheria niliyojiwekea leo: hakuna kipande kinachotupwa, hata kikiwa kimeoza, mpaka kile kipya kiwe kimefungwa na kimefanya kazi mwezi mzima. Kila kinachotoka kinapigwa picha, kinaandikwa jina kwa kalamu ya rangi nyeupe, na kinaingia sandukuni.

Januari 12

Mlango wa dereva. Mkono wa kupandishia kioo umeshikwa na skrubu moja iliyojificha chini ya kifuniko cha plastiki. Unakiinua kifuniko na skrubu inaonekana. Kishikio cha kuvutia mlango kina skrubu zake. Ubao wenyewe hauna skrubu. Unashikwa na klipu za waya mgumu zinazobanwa ndani ya matundu ya bati. Nilichukua mwiko bapa, nikauvisha kitambaa, nikausukuma hadi karibu kabisa na klipu moja kisha nikainua, halafu ya pili, halafu ya tatu. Ukiinua katikati ya klipu mbili unang'oa ubao na kuiacha klipu mlangoni. Hata hivyo klipu nne za chini zilitoka na vipande vya ubao kama mkate uliolowa.

Nilipotazama ndani ya mlango nikaelewa kwa nini. Mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji yasiingie. Mvua inateleza kwenye kioo, inapita kwenye mpira, inashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyoko chini kabisa. Ubao unakingwa na karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye bati nyuma yake. Kwenye gari langu plastiki ile haikuwepo kabisa. Labda ilitolewa siku ya kufunga spika na haikurudi. Na vitundu vya chini vilikuwa vimezibwa na matope na majani makavu. Maji yalikuwa yanakaa mlangoni na ubao unayanywa kutoka chini, kidogo kidogo, kwa miaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ubao mpya haikuwa ubao. Nilizibua vitundu kwa waya, nikakwangua kutu, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikamwaga kikombe cha maji ndani kuhakikisha yanatoka. Yametoka.

Januari 18

Nimejifunza leo kwamba ubao wa zamani ni shahidi, ila shahidi mwenye uongo wake. Niliulaza juu ya kadibodi nikauchora ukingoni. Kisha nikaipeleka kadibodi mlangoni. Juu imekaa vizuri, upande wa bawaba vizuri, lakini chini imepungua karibu milimita 7, kwa sababu ukingo wa chini ulikuwa umemeguka, na matundu ya klipu yamepanuka yakawa kama mayai. Ningekata kwa kufuata mchoro ule ningekuwa nimetengeneza nakala kamili ya uharibifu.

Njia iliyofaa ni hii: nilibandika plastiki nzito inayopitisha mwanga juu ya mlango mtupu, nikaivuta isiwe na mikunjo, nikaibana kwa utepe wa gundi. Kila tundu la klipu linaonekana. Nikatia alama katikati ya kila tundu kwa kalamu ya wino mzito, nikachora duara la mkono wa kioo, la kitasa, na skrubu za kishikio. Mzunguko wa nje nimeuchukua kwenye bati, nikarudi ndani milimita chache kuacha nafasi ya reksini itakayokunjwa. Ubao mzee nimeutumia kujua mambo ambayo bati haliwezi kusema: umbali kati ya klipu na ukingo, umbo la tundu la klipu, na pembe ya juu imekatwa kwa mduara gani.

Niligeuza plastiki ile na kuipeleka mlango wa kulia nikitarajia iwe sawa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Matundu matatu hayakukutana. Mlango uliogongwa. Kwa hiyo kila mlango una pateni yake, yaani mchoro wa kukatia, zimeandikwa KUSHOTO na KULIA, na upande wa kutazama ndani umewekwa mshale. Nasisitiza mshale. Plastiki inayopitisha mwanga haina mbele wala nyuma, na ukikata ubao kinyume utagundua siku ya kufunga.

Januari 25

Siku ya kuchagua mbao. Kiwanda kilitumia hadibodi, na watu wengi huidharau kwa sababu wameiona ikiwa imeoza. Nimezipima tatu kwa mkono.

Plaiwudi ya milimita 3 ni ngumu na nzuri, lakini haipendi kupinda, na ukingo wa tundu la klipu unachanika tabaka kwa tabaka. Karatasi ngumu ya PVC hainywi maji hata tone. Ila plastiki hiyo hurefuka kwa joto: kwa kila mita, takriban milimita 0.06 hadi 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ubao wa mita moja ukipata joto la nyuzi 30 zaidi ya siku ulipofungwa, unarefuka karibu milimita 2. Klipu haziuachii nafasi, kwa hiyo unatunisha tumbo katikati. Chuma cha mlango hurefuka pia, lakini kidogo sana kulinganisha na plastiki.

Nimebaki na hadibodi ya milimita 3, ile iliyoshindiliwa vizuri na yenye rangi ya kahawia iliyokolea. Kosa halikuwa la hadibodi. Kosa lilikuwa kuacha upande wa nyuma ukiwa mkavu bila kinga. Nimekata kwa jigsoo yenye meno madogo, sura nzuri ikitazama chini, nikiwa nimeibana na kipande cha ubao mwingine ili isichanike. Matundu ya klipu nimetoboa kwa drili kisha nikayapa umbo kwa tupa ndogo. Baada ya msasa nikapaka vanishi iliyoyeyushwa kidogo, ipenye, ikakauka, nikapaka ya pili bila kuyeyusha. Pande zote mbili, kingo zote, na ndani ya kila tundu kwa brashi ndogo ya kuchorea. Matundu ndiyo midomo ya ubao. Ukiacha tundu moja bila vanishi, maji yataanzia hapo.

Februari 1

Reksini. Ile ya kiwandani ilikuwa na mistari iliyokandamizwa kwa mashine za mawimbi ya umeme, reksini na tabaka la chini vinayeyuka na kushikana bila uzi. Nyumbani siwezi. Nimeamua kuweka mistari ya kushona mahali pa ile ya kukandamiza, kwa nafasi zilezile nilizopima kwenye reksini ya zamani sehemu ya juu, ambako haikuharibika. Nyuma ya reksini nimeweka sponji ya milimita 3 yenye kitambaa mgongoni. Bila kile kitambaa uzi unakata sponji na mstari unapotea.

Nilitumia cherehani ya Mama. Uzi ukakatika mara tano katika nusu mita.

"Mama, mbona uzi unakatika?"

Akaja, akashika sindano kwa vidole viwili. "Hii ni ya vitambaa vya gauni, mwanangu. Unashona kitu kama ngozi, mpe sindano yake."

Sindano namba 110/18 na uzi mnene wa poliesta, ndiyo ikawa dawa. Poliesta huvumilia jua kuliko nailoni, na mlango wa gari unakaa juani. Jambo la pili alilonionyesha ni urefu wa mshono. Mimi nilikuwa nashona mishono midogo nikidhani ndiyo imara. Kwenye reksini ni kinyume: kila tundu la sindano ni tundu la kudumu, na matundu yakisongamana unakuwa umeandaa mahali pa kuchanika. Sasa nashona kwa milimita 4 hadi 5. Mguu wa cherehani ulikuwa unanata juu ya reksini, akaniwekea kipande cha karatasi laini juu, nikashona pamoja nacho na kukichana baadaye. "Usiivute," alisema, "iache iende na meno yenyewe." Mistari yangu ya tatu na ya nne imenyooka. Ya kwanza nimeifumua, ingawa matundu yake yamebaki, kwa hiyo kipande hicho kimekuwa cha majaribio ya gundi.

Februari 8

Siku mbaya, naiandika yote.

Nilipaka gundi ya mpira kwenye uso mzima wa ubao na mgongo mzima wa sponji, nikasubiri ikauke mpaka isinate kwenye kidole, nikalaza na kuvuta kwa nguvu ili pasiwe na kasoro. Kulikuwa hakuna kasoro. Nikakunja kingo nyuma, nikazibana, nikaenda kunawa. Niliporudi ubao ulikuwa umejikunja kama upinde, pembe mbili zimeinuka sentimita mbili kutoka mezani. Reksini inajaribu kurudi urefu wake, na hadibodi ya milimita 3 haina nguvu ya kuikatalia.

Nilibandua yote kabla gundi haijashika sawasawa. Sponji iligawanyika, nimepoteza kipande kizima. Mara ya pili nililaza reksini bila kuivuta, nikaisawazisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, na gundi nikaiweka kwa wingi tu kwenye ukingo wa nyuma, upana wa milimita 25. Nimevuta kiasi cha kuondoa mawimbi, basi. Kwenye pembe za mduara nimekata vijipembe vya V ili reksini isirundikane, nikiacha milimita 4 kabla ya ukingo ili kata isionekane mbele. Kisha usiku kucha chini ya ubao mwingine na mawe ya kukandamiza.

Chagua gundi inayoandikwa kuwa inavumilia joto na inafaa kwa reksini. Reksini ina mafuta ya kuilainisha ambayo huhama polepole, na gundi zisizofaa hulainika kwa mafuta hayo hadi ukingo unaachia. Na fanyia kazi hii mahali penye hewa, milango wazi, bila moto wowote karibu. Mvuke wa gundi ya mpira huwaka.

Februari 15

Mbao mbili za milango zimefungwa. Kabla yake nimebandika plastiki mpya ya kukinga kwa utepe mzito unaonata. Ukingo wa chini wa plastiki usiubandike nje ya bati. Uingize ndani ya mlango, kupitia ule mwanya wa chini, ili maji yanayoteremka juu yake yarudi ndani na kutoka kwenye vitundu. Nikamwaga ndoo ya maji kwenye kioo huku mtu akishika kipande cha karatasi nyuma ya ubao. Karatasi ikatoka kavu.

Mlango unafunga kwa sauti nyingine kabisa. Zamani uligonga kama bati tupu, maana ulikuwa bati tupu.

Mbao za pembeni nyuma zimekwenda haraka, kwa njia ileile, sitazirudia hapa.

Machi 8

Siti. Nimezifumua wiki mbili zilizopita na sasa naweza kuandika nikiwa nimetulia.

Foronya ya siti ya zamani ndiyo pateni, lakini kabla ya kugusa uzi mmoja nilichora kwa chaki mistari mifupi inayokatiza kila mshono, kila sentimita 10, na kuandika namba pande zote mbili. Vipande vikishaachana mistari ile ndiyo inayokuambia nani alishikana na nani na wapi. Bila mistari unabaki na vipande tisa vinavyofanana vyote.

Na hapa shahidi ana uongo tofauti. Ubao wa mlango ulikuwa umepungua kwa kumeguka. Foronya ya siti imeongezeka kwa kukaliwa: kipande cha juu cha mto wa dereva kilikuwa kirefu kuliko cha abiria kwa milimita 18, na upande wa kushoto, ambako dereva huteleza kuingia na kutoka, umepanuka zaidi. Nikachukua kipande cha abiria, ambacho hakikuchoka sana, nikakikunja katikati, nikachora nusu iliyo bora na kuigeuza kupata nusu ya pili. Halafu nikalinganisha na kiunzi cha chuma. Chuma hakinyooki kwa kukaliwa.

Ndani palikuwa na kitu nilichokijua tangu utotoni: usumba. Viwanda vya magari vya wakati ule vilijaza siti kwa nyuzi za nazi au manyoya ya wanyama yaliyonyunyiziwa mpira, yakashikana kuwa godoro gumu linalopitisha hewa. Mpira ukizeeka unakuwa unga. Kila nilipobonyeza siti, vumbi la kahawia lilianguka chini ya springi. Mto wa abiria ulikuwa bado unashika umbo, nimeuhifadhi na kuuongezea tabaka la juu tu. Wa dereva nimeutumia kupima kimo halafu nikatengeneza mpya kwa sponji.

Kuhusu sponji, watu huchanganya uzito na ugumu. Sponji nzito kwa ujazo wake hudumu muda mrefu kabla ya kubonyea moja kwa moja. Sponji ngumu ni ile inayokukatalia unapoikalia. Inawezekana kupata nzito iliyo laini, na nyepesi iliyo ngumu, na hii ya mwisho ndiyo inayodanganya dukani kwa sababu ukiibonyeza inaonekana imara. Mwaka mmoja baadaye ina shimo. Nimetumia tabaka mbili: chini nzito na ngumu, juu nzito na laini ya sentimita 3. Kati ya springi na sponji nimeweka gunia zito lililofungwa kwenye kiunzi, maana springi tupu hukata sponji kama waya unaokata jibini.

Springi moja ilikuwa imekatika. Nimeunga kwa springi ya siti nyingine ya aina hiyohiyo. Pointi za kufungia mikanda ya usalama sijazigusa na sitazigusa. Boliti zile hazina uhusiano na urembo.

Kuivisha foronya mpya kulihitaji nguvu na mfuko wa plastiki. Nilifunika sponji kwa plastiki nyembamba, foronya ikateleza badala ya kung'ang'ania, kisha nikaichomoa plastiki vipande vipande. Pete za chuma za kubania nimezifunga kwa koleo lake maalumu. Nilijaribu koleo la kawaida, kila pete ya tatu iliruka. Mikunjo iliyobaki imeondoka kwa kuiacha siti juani mchana mmoja na kuisugua kwa kiganja.

Machi 15

Sakafu, kwa kifupi. Matandiko ya kiwandani yalikuwa raba iliyofinyangwa kwa umbo la sakafu. Raba bapa haiwezi kupinda pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo juu ya matao ya magurudumu inatoka mkunjo kila ukijaribu. Nimekata vipande vitatu vinavyolaliana kwa sentimita 3, maungio yakiwa mahali ambapo mguu haukanyagi. Chini yake nimeweka sponji ya vitundu vilivyofungwa, isiyonywa maji. Nilikuta mabaki ya zulia la sufu chini ya raba ya zamani, na kila lilipokuwepo palikuwa na kutu. Raba haijanifurahisha kwa sura, lakini bati chini yake litabaki kavu, na kati ya mawili hayo nachagua bati.

Machi 22

Vipande vidogo vya plastiki. Fremu ya kitasa cha mlango wa kulia imepasuka, na kofia ya mkono wa kioo cha kulia haipo.

Rafiki yangu ana printa ya 3D, akanichapia fremu moja kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo. Ilikaa mlangoni vizuri ajabu, nikafurahi. Nyingine niliiweka juu ya dashibodi kwa majaribio, gari limefungwa, limeegeshwa juani. Siku ya tatu ilikuwa imelegea na kulala kama jani. PLA huanza kulainika karibu nyuzi 60, na gari lililofungwa juani hufika huko bila shida, hasa juu ya dashibodi. ABS, plastiki nyingine ya kuchapia, inavumilia hadi karibu 100. ASA, ndugu yake ABS, inakaribia hapo na inastahimili jua vizuri zaidi, kwa hiyo kama mtu ana printa, ASA ndiyo ya kuomba. Rafiki yangu hana namna ya kuichapa kwa sasa. Hiyo plastiki hujikunja printa isipofunikwa ikatunza joto.

Machi 29

Basi nimefinyanga. Fremu ya kushoto nzima ndiyo mama wa kalibu, yaani silikoni inamwagwa juu yake ili ichukue umbo. Bahati nzuri fremu mbili za milango kwenye gari langu ni umbo moja. Niliijaza mikwaruzo kwa puti, nikaipiga msasa wa maji hadi ikang'aa. Silikoni inanakili kila kitu: mkwaruzo, unywele, alama ya kidole. Dakika arobaini za msasa leo zinaokoa msasa wa kila kipande utakachomwaga.

Kalibu ya kwanza haikuganda. Juu ilikuwa imara, lakini pale ilipogusa udongo wa kufinyangia ilibaki utelezi wa kunata, hata baada ya siku mbili. Silikoni niliyotumia ni ya platinamu, yaani platinamu ndiyo inayoigandisha, na platinamu hunyamazishwa na salfa. Udongo wangu ulikuwa na salfa. Glavu za mpira wa kawaida nazo huweza kuleta shida hiyohiyo. Nimenunua udongo usio na salfa, nikavaa glavu za nitrili, na kalibu ya pili imetoka safi kama ngozi ya mtoto.

Resini ya poliyurethani nimeipima kwa mizani na si kwa macho, nikaongeza rangi nyeusi kidogo, nikaimwaga kwa mkondo mwembamba kwenye kona ya chini kabisa ili isukume hewa kwenda juu. Barakoa yenye vichujio vya mvuke, si ya kitambaa. Sehemu moja ya resini hiyo ina kemikali inayoweza kuudhi mapafu kwa muda mrefu. Kipande cha kwanza kilikuwa na kiputo kwenye tundu la skrubu. Cha pili kizima. Nimetoa vitano, vitatu vimekwenda sandukuni kuwa akiba, na kofia ya mkono wa kioo imefuata kwa njia hiyohiyo.

Hapa shahidi hakusema uongo. Plastiki ngumu ile ya fremu, baada ya nusu karne, ilikuwa bado na kipimo chake. Kipya kimeingia bila kuguswa na tupa.

Aprili 12

Dari. Nilikuwa naikwepa.

Dari ya sehemu ya dereva ni reksini nyembamba iliyoning'inizwa kwenye fito za chuma, kila ufito ukipita kwenye mfereji ulioshonwa mgongoni. Fito zinaonekana sawa. Haziko sawa: kila mmoja una mpindo wake kufuata paa. Nimezifunga utepe zenye namba kutoka mbele kwenda nyuma, pamoja na mshale wa kushoto, na kuandika tundu gani kila ncha ilikuwa imeingia.

Dari ya zamani imesinyaa, hili nilikuwa nimelitarajia sasa. Reksini inayopigwa na joto la paa miaka mingi hupoteza mafuta yake, inakauka na kuvutika. Kipande cha zamani kilikuwa kimejing'oa chenyewe mbele na kuacha mwanya wa kidole. Umbali kati ya mfereji na mfereji nimeuchukua kwenye matundu ya fito garini. Kwenye kitambaa nimechukua umbo la pembeni tu, na pande zote nimeongeza sentimita 6. Mifereji nimeishona kwa utepe wa pamba, mishono mirefu, nikianza na ufito wa katikati. Mama amekagua kila mfereji kwa kidole kabla sijaukubali.

Aprili 26, Jumamosi

Jaribio la kwanza la dari garini, bila gundi, kwa vibanio vya kuanikia nguo. Nimeanzia katikati nyuma, halafu katikati mbele, kisha kulia na kushoto kwa zamu, kila mara nikivuta kidogo. Kikausha nywele kikapita juu ya mawimbi na yakatulia. Mfereji wa pili una mkunjo mmoja upande wa abiria, karibu na nguzo. Nadhani nimeushona milimita 5 mbele zaidi. Nitaufumua kesho.

Ukingo wa mbele hauwezi kumalizwa hivi. Reksini inapaswa kupita juu ya bati na kushikwa chini ya mpira wa kioo cha mbele, kwa hiyo kioo lazima kitoke. Mpira wenyewe umekauka na una nyufa kwenye pembe, ungetakiwa kubadilishwa hata bila dari. Mpya umeshafika, nimeulaza kwenye maji ya vuguvugu nikaona unarudi umbo lake. Watu wawili wamekubali kuja Jumamosi ijayo kushika kioo. Kamba ya kuvutia mpira iko tayari, sabuni iko tayari. Dari imetolewa tena na inaning'inia gereji kwenye fito zake, moja hadi ya mwisho, na ile ya zamani iko kando yake, na tepe zake zote.